Sahani ya Wenye Maneno

Siku ya arobaini ya mama, kule Abuku, Koboko, mdogo wangu Hawa aliniletea chakula kwenye ile sahani. Mbele ya watu! Wageni wote walikuwa wanakula kwenye masinia, wanawake sita sita kwa sinia moja, mikono inagongana kwenye wali, na mimi peke yangu nikawekewa mbele ya magoti sahani ya bati yenye maua mekundu, ukingo umebanduka rangi sehemu tatu, majani ya kunde yamejaa mpaka juu. Aliiweka, akafuta vidole kwenye kitenge chake, akarudi jikoni. Mama mmoja wa upande wa mume wake akaniambia, "Eh, wewe mgeni wa heshima, unapewa yako peke yako." Nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Heshima! Laiti angejua. Nyumbani kwetu sahani ile haikuwa ya heshima, wala ya wageni, wala ya sikukuu. Ilikuwa na kazi moja tu tangu tukiwa watoto, na watu waliobaki duniani wanaoijua kazi hiyo ni wawili, mimi na Hawa.

Na niseme ukweli, nilikuwa nimeitafuta. Nilikuwa nimefika kutoka Arua nimechelewa, dua imeshasomwa, jua kali, nimejikasirikia mwenyewe, na mimi nikijikasirikia huwa namtafuta mtu mwingine wa kumkasirikia. Nikaingia jikoni, nikafunua sufuria, nikasema wali umeshikana. Hawa akajibu polepole, "Kuni ilikuwa mbichi, dada." Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, na wanawake wote waliokuwa wanachambua mchicha pale walisikia, kwamba kama ndivyo alivyokuwa anampikia mama, basi si ajabu mama alituacha akiwa mifupa mitupu. Hawa ndiye aliyemuuguza mama miaka minne. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa napiga simu. Huo ndio ulimi wangu, na nimepita hamsini, sina tena wa kumsingizia. Hawa alikwenda kabatini akaitoa sahani.

Sasa nieleze utaratibu wa mama, kwa sababu umenisumbua maisha yangu yote. Mtu akimtukana mama, akimsema, akimfanyia ubaya wowote, mama hakumjibu. Alipika. Jioni yake au kesho yake aliiteremsha ile sahani yenye maua kutoka msumarini, akaipangusa, akaijaza chakula kizuri kuliko tulichokuwa tunakula sisi, na kuituma kwa yule yule mtu. Sisi watoto tulijua. Tukiona msumari uko wazi, tunaulizana, "Leo nani?" Wengine walikuwa wanamsifu, wanasema mama yenu ni mpole, mama yenu ana subira. Mpole wapi! Siku moja nilimuuliza kwa nini, akacheka mpaka akakaa chini. "Zaitun, mutu akikutukana na wewe ukamjibu, anarudi kwake na furaha, anakwenda kulala. Mpelekee chakula. Sasa lazima aoshe sahani. Lazima atafute kitu ya kuweka ndani. Lazima atembee na miguu yake mpaka kwa mlango yako. Akifika atasema nini? Atasema asante." Akafuta machozi ya kicheko. Hiyo ndiyo subira mliyokuwa mnaisifu.

Maana kwetu sahani ya chakula hairudi tupu, na aliyeletewa ndiye anayeirudisha. Hata kama huna kitu, utaweka chumvi kidogo, kitunguu kimoja. Na kuna jambo la pili. Anayeleta chakula huonja kwanza, anamega mbele ya macho ya aliyeletewa, anakula, ndipo mwenyewe naye aoshe mikono. Si kwamba kila mtu anashukiwa. Ni adabu tu, ni sawa na kubisha hodi. Lakini adabu hiyo ina sababu yake, na kila mtu anaijua hata kama haisemwi. Mwanamke akishasemwa kwamba mkono wake si mzuri, kwamba watu wanakula kwake halafu wanaumwa, amekwisha. Hata maji yake hayanywewi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tulikuwa tunakaa mtaa wa Oli, mjini Arua, vyumba viwili katika mstari wa vyumba vitano vinavyotazama uwanja mmoja. Kuta hazikufika juu kwenye bati. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Kitanda kilikuwa kimoja, cha mama, mimi na Hawa tulilala kwenye mkeka kati ya magunia ya muhogo mkavu na debe la simsim, yaani ufuta, na mpaka leo nikinusa simsim iliyokaangwa nasikia usingizi. Baba alikuwa dereva wa malori upande wa Kongo, tulimwona kwa nadra. Mchana mama alikuwa anauza chakula kando ya njia, juu kidogo ya mto: ugali wa muhogo na kunde zilizopikwa na simsim. Na hatua kumi tu kutoka hapo alikuwapo Mama Onzima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anauza maharage na muhogo wa kuchemsha. Alikuwa pale miaka mingi kabla yetu. Mama alipofungua sufuria zake, nusu ya wateja walihama mwezi huo huo, kwa hatua kumi. Leo naona kabisa kwa nini yule mwanamke alituchukia. Wakati ule niliona tu kwamba ana roho mbaya.

Na alikuwa nayo, msinielewe vibaya! Alikuwa na namna yake ya kusali kwa sauti asubuhi, mdomo ameuelekeza kwenye ukuta wetu. "Mungu, uniangalie mimi mjane. Uniondolee watu wa Koboko. Kwanza walikuja na bunduki, sasa wanakuja na sufuria." Sisi ndio hao wa Koboko, walikotoka askari wa serikali ya zamani, tuko upande wa pili tunakunywa chai, tunasikia amina. Takataka za uwanja alizifagia zikaishia mlangoni kwetu. Nguo zetu zikiwa kwenye kamba, zake zenye maji zinatundikwa juu ya zetu. Na kila lilipotokea jambo, mama anasema, "Habari ya asubuhi, Mama Onzima," kwa sauti ya mtu anayemsalimia dada yake, na jioni msumari uko wazi. "Zaitun, peleka."

Mimi ndiye nilikuwa napeleka. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba vita ni vya mama na miguu ni yangu. Kwa wengine sahani ile ilifanya kazi vizuri. Mwenye nyumba aliyetupigia kelele alikuja na papai. Mwanamke wa makaa aliyemwita mama mwizi alikuja na mayai, tena akakaa, akanywa chai, akalia. Lakini Mama Onzima! Nilikuwa nafika mlangoni kwake, napiga goti, namega, nakula, natafuna akiniangalia kama anaangalia mbuzi, na nikishameza anaichukua sahani, anaimwaga chini pale pale, halafu anaita kuku. "Kru kru kru kru!" Kuku wanakuja mbio. Kesho yake sahani inatupwa kwenye baraza letu, kwang'aa!, tupu, haijaoshwa, imeganda. Kuku wa uwanja ule walinenepa mwaka ule, wallahi. Shuleni wasichana waliponiona wakawa wanafanya kama wanatafuna. Nikamwambia mama inatosha. Mama akasema, "Bado hajatembea."

Basi siku moja mchana, mvua imeacha kunyesha, wateja wamejaa kwenye benchi letu, mafundi wa matofali na fundi cherehani mmoja mpole, Mama Onzima akapita na beseni lake kichwani. Akasimama. "Kuleni, kuleni," akasema. "Mimi hapana sema kitu. Mimi nauliza tu. Simsim mingi namna hii, inaficha ladha ya nini?" Akaendelea na njia yake. Alisema hivyo tu. Fundi mmoja akaacha kutafuna. Mwingine akanawa mikono na chakula bado kiko nusu. Yule wa cherehani akasema ameshiba, na alikuwa amekula matonge mawili. Mama akasimama na mwiko mkononi, nikasema moyoni, haya, leo atamjibu. Mama akainua sauti. "Mama Onzima! Habari ya mchana!"

Nilitaka kulia kwa hasira. Kesho yake jioni alipoinua mkono kwenye msumari nilimpigia kelele, mara ya kwanza maishani. "Mama, huyu anaambia watu unawaua! Na wewe unampikia?" Mama hakugeuka. "Anasema chakula yangu ni sumu. Sasa nimpelekee nini, maneno?" Akapakua kunde na vipande vya ugali ukingoni, akaweka sahani juu ya kinu, akaingia ndani kuswali magharibi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na chungu chetu cha majivu. Kunde za kwetu hazipikwi bila maji ya majivu. Unachoma mabua makavu, unatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, unamwagia maji, yanadondoka polepole kwenye kopo, ya kahawia, makali. Vijiko viwili vinalainisha sufuria nzima. Ukizidisha ulimi unawaka, ukizidisha zaidi tumbo linafunguka na halifungiki. Nilichukua kikombe kizima. Nikafanya ukuta wa simsim iliyosagwa katikati ya sahani kwa kijiko, nikamimina upande mmoja, nikachanganya vizuri, nikafunika kwa simsim. Upande mwingine nikauacha safi. Huo ulikuwa wangu, wa kuonja. Hawa, ambaye alikuwa na miaka minane, alikuwa amekaa mlangoni anachagua mawe kwenye maharage. "Unaweka nini?" akauliza. Nikamwambia anyamaze, akanyamaza.

Kusudi langu lilikuwa dogo, naapa. Nilijua atawapa kuku. Nilitaka tu kuku wake waharishe, aone. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anafikiri mpaka kwenye kuku, hafiki mbele ya hapo.

Nilimkuta Mama Onzima amekaa kwenye mkeka na wanawake wawili wa kanisani kwake. Hakusimama. Hakuita kuku. Aliniangalia, akapumua kwa nguvu. "Kuja," akasema. Nikapiga goti, nikamega upande wangu, nikala. Akasubiri nimeze. "Mama yako hapana choka?" Nikasema, "Hachoki." Akasema, "Mimi nimechoka." Kisha akawageukia wenzake. "Jana nilisema maneno mbaya sana kwa mama ya huyu. Nimesema mbele ya watu wake ya kununua. Na leo, ona, ameleta tena. Leo nitakula. Halafu nitakwenda pale, nitasema pole." Wale wanawake wakasema asante Yesu. Akaomba maji, akanawa, akanyoosha mikono kuipokea sahani, na katika kupokeana ikageuka. Upande wangu ukaelekea ukutani. Upande wa majivu ukawa wake.

Nilikuwa na muda. Wakati akimega, akichovya, akiinua mkono, nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno lolote. Ningeipiga teke ile sahani nikachapwa, yakaisha. Nilibaki nimepiga goti namwangalia. Tonge la kwanza likamfanya afumbe macho. "Eh! Watu wa Koboko munatia majivu mingi!" akasema, akacheka, wenzake wakacheka, na kwa sababu alikuwa ameshaamua amani, na kwa sababu mashahidi wake wako pale wanamtazama, akaona aibu kuacha. Alikula yote. Aliipangusa sahani kwa kidole.

Kesho yake alfajiri walimbeba kwenda kliniki, mchana wakamrudisha na dawa. Siku tatu uwanja mzima ulimsikia kupitia juu ya zile kuta, na hatukuwa na namna ya kutomsikia. Mama alikuwa ameshaliona kopo la majivu. Nilimwona akiliinua, akaligeuza, akalirudisha chini ya chungu. Hakuniuliza. Siku ya nne mkubwa wa mtaa alituita barazani kwake, mabenchi mawili yanatazamana, na wale wanawake wa kanisani wakasimama wakasema walichoona: mtoto alionja, alikula mbele yetu, mama huyu akala, mama huyu akaanguka, mtoto huyu hapa ni mzima. Basi. Walisema kweli tupu. Watu wakaanza kunong'ona, na kila mtu alikuwa ananong'ona neno moja. Mama akasimama. "Nilipika mimi. Majivu ilizidi. Ni kosa yangu, naomba msamaha." Mkubwa akanigeukia. "Wewe, ulionja?" Nikasema ndiyo. "Haikukuwakia?" Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Alimega kidogo sana. Mtoto anacheza." Akaniangalia mara moja, hata si kwa muda mrefu. Mama Onzima alikuwa kwenye kona amejifunika blanketi, midomo imekauka. Alisema neno moja tu. "Mimi nilikula yote."

Hatukufukuzwa. Watu wanafikiri kuna kufukuzwa. Watu waliacha tu kuja. Mama alipika wiki nzima, akabeba sufuria mpaka njiani, akairudisha imejaa, na sisi tukala kunde asubuhi, mchana na jioni. Nilipopita na ndoo ya maji niliwaona wanawake wakifunika vyungu vyao. Wakinisalimia walinisalimia vizuri, lakini kwa mbali. Kule kuonja kwetu, ile adabu ambayo kila mtu aliiamini bila kuifikiria, mimi ndiye niliyeichafua, na aliyelipa ni mama. Kama mngejua mama alivyopenda kuuza! Alipenda kuwajua watu kwa matumbo yao, nani hapendi chumvi, nani mkewe amesafiri. Baada ya hapo hakuuza tena chakula maisha yake yote.

Wiki mbili zilipopita tukasikia hodi. Alikuwa Mama Onzima, amekonda, amesimama mlangoni petu kwa miguu yake mwenyewe. Ameshika sahani, imeoshwa inang'aa, na ndani yake viazi vitamu vitatu. "Mama Zaitun," akasema, "najua si wewe." Akamkabidhi mama sahani, na alipoiachia akanitazama mimi, kisha akaenda zake. Mama akavipika vile viazi. Akala kimoja, Hawa kimoja. Cha tatu kilikuwa changu, kikanishinda kumeza.

Kabla mwaka haujaisha tulihamia Abuku, kwa mjomba, akatupa chumba na shamba la muhogo. Jioni ya kwanza mama alipakua chakula, yeye na Hawa na watoto wa mjomba kwenye bakuli moja kubwa. Kisha akasimama kwenye mizigo, akafungua kifurushi, akatoa sahani ya maua, akanipakulia, akaniwekea mbele yangu. Aliniwekea mimi, mwanawe! Nilikula nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza nikaiosha, nikaipangusa, nikaitundika. Mama aliitazama pale ukutani, akageuka akaendelea na kazi.

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka zaidi ya thelathini. Nimeolewa Arua, nimezaa, nimezeeka, na kila nikienda Koboko kumwona mama, wenzangu wanakula sinia moja, mimi naletewa sahani. Kwanza ilinichoma. Halafu nikajiambia ni mazoea. Halafu nikajiambia ni mapenzi, mama ana sahani yangu maalumu, nikawa hata nawaambia wanangu hivyo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Lakini jamani, kwa nini asiseme? Mdomo alikuwa nao! Angenichapa siku ile ile ningelia, ningesema, yakaisha. Angeniita pembeni akaniambia Zaitun, nimeliona kopo. Hapana, yeye lazima apike. Nimekasirika naye miaka yote hii na nimekasirika naye hata kaburini, na katika hasira hiyo mimi nikalea wanangu kinyume chake. Niliwaambia, mtu akikutukana mjibu hapo hapo, usilale nayo. Sasa binti yangu Salma ananijibu hapo hapo. Mwezi uliopita kwenye simu nilimwambia mumewe ni mvivu, akaniambia, "Mama, wewe ukifungua mdomo watu wanaumia, halafu unashangaa kwa nini hawakupigii." Akakata. Nilimfundisha mwenyewe, na amefaulu.

Kwa hiyo ile siku ya arobaini nilikula kile chakula cha Hawa mpaka mwisho, chini ya macho ya wakwe zake. Niliiosha sahani kama kawaida. Nikaenda nayo mpaka kabatini. Pale nikasimama nayo mkononi. Nikakumbuka mwenye nyumba na papai lake, mwanamke wa makaa na mayai yake, Mama Onzima na viazi vitatu, na yeye ndiye niliyemwagia majivu. Wote walitembea. Katika watu wote waliowahi kula kwenye sahani ile, ni mimi tu niliyeirudisha tupu, miaka yote hiyo, na mwenye sahani sasa amelala nyuma ya nyumba chini ya udongo ambao haujashikana bado. Nililia pale kabatini, kwa sauti, watu wakadhani namlilia mama, na kweli nilikuwa namlilia. Sahani sikuirudisha. Nililala nayo chumbani.

Asubuhi wageni walikuwa wameondoka. Hawa alikuwa uwanjani anasugua masufuria ya kuazima. Nilikwenda shambani nikachuma majani ya kunde, machanga. Simsim nilikuwa nayo, nilikuwa nimeinunua soko la Omugo siku chache kabla nikasahau hata kuitoa kwenye mkoba. Nikaikaanga, nikaisaga kwenye jiwe la mama, magoti yananilalamikia. Hawa alinisikia nasaga, akainua kichwa, akaendelea kusugua. Chungu cha majivu kiko nyuma ya jiko la Abuku kama kilivyokuwa Oli. Nikatia vijiko viwili. Nikavihesabu kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Nikapika, nikajaza sahani, nikamfuata pale kwenye masufuria.

"Nini hii?" akasema.

"Sahani yako. Narudisha."

Alinitazama, mikono imejaa majivu ya kusugulia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri nikiwa nasaga, yote yakapotea. Nikasema, "Maneno ya jana, ya mifupa. Nilikuwa mbaya, Hawa. Wewe ulimlea mama, mimi nilipiga simu." Akaisogeza sufuria pembeni. Nikasema, "Na ile ya Oli. Yale majivu. Ni mimi."

"Dada," akasema, "si nilikuwa nimekaa mlangoni?"

"Mama aliwahi kukuambia kitu?"

"Unauliza nini wewe? Mama alijua siku ile ile." Akachovya mikono kwenye beseni, akaanza kunawa, taratibu, kidole kwa kidole. "Hakusema kitu. Lakini kila ukiondoka kwenda Arua alikuwa anaichukua sahani, anaangalia ndani. Anasema, 'Ya Zaitun imerudi tupu tena.' Halafu anaiweka vizuri. Hata mwaka huu, macho yake hayaoni, alikuwa anaishika ndani na mkono."

Nilibaki nimenyoosha mikono na ile sahani, mvuke wa kunde unanipanda usoni. Hawa akamaliza kunawa, akakung'uta maji, akavuta kigoda akakaa. Aliitazama sahani. Kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza," akasema.

Nikapiga goti kwenye udongo, na goti langu hili. Nikaigeuza sahani, nikamega upande uliokuwa wake.